Dhahabu haihami, msamaha wa kodi ni wa nini?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini baada ya ripoti yenu ya wiki iliyopita kuhusu wawekezaji wa kigeni nimeshindwa kunyamaza. Mwandishi wenu anadai kwamba kampuni kubwa huvuka mipaka kufuata nafuu ya kodi, na kwamba Serikali ikizibana zitafungasha virago.

Kwa kiwanda cha nguo, dai hilo lina ukweli, kwa sababu cherehani hupakiwa kwenye kontena zikapelekwa popote penye vibarua wa bei rahisi. Dhahabu ni habari nyingine. Barrick, kampuni ya Toronto, Kanada, inayochimba dhahabu, iliingia kwenye mgodi wa Bulyanhulu mwaka 1999 kwa kuwa mwamba wenye dhahabu uko pale. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini ambao bado haujasafishwa, na makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam; Julai sheria ikabadilishwa, Serikali ikapata haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia, na mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ambayo mgodi huilipa Serikali kwa madini yanayochimbwa, ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6. Wapo waliopoteza ajira, na siyapuuzi machungu yao. Hata hivyo kampuni ilirudi mezani, ikakubali kulipa dola milioni 300 kumaliza mgogoro, na Twiga Minerals, kampuni ya ubia kati yake na Serikali, ikaundwa. Haikuondoka.

Kinachoniumiza zaidi ni manunuzi ya migodi. Nina karakana ya ushonaji hapa Mwanza, na mwaka juzi nilipeleka sampuli ya ovaroli kwenye mgodi mmoja wa Kanda ya Ziwa, imeshonwa mishono miwili kila ungio, ina viraka magotini na utepe unaoakisi mwanga mgongoni. Mtunza stoo aliuvuta mshono kwa mikono yote miwili, akasema kazi ni nzuri. Nikasubiri miezi mitatu bila jibu, kisha nikasikia zabuni imepewa kampuni yenye jina la Kiswahili, nikafurahi kwamba angalau ni Mtanzania mwenzangu. Baadaye mchimbaji mmoja akaniletea ovaroli yake iliyochanika nimshonee, na ndani ya kola nikakuta kipande cha lebo kilichokatwa kwa mkasi, herufi za kigeni zimebaki nusu. Nguo ilitoka ng'ambo; kilichokuwa cha hapa ni jina kwenye hati ya usajili.

Halafu sisi wadogo kila zabuni tunadaiwa nakala mpya za leseni na cheti cha mlipakodi, kila moja na muhuri wa wakili, na kila muhuri unalipiwa!

Naomba Tume ya Madini ipeleke mkaguzi kwenye stoo za migodi bila taarifa, afungue katoni kumi, ageuze kola za nguo, kisha orodha ya kila bidhaa na nchi ilikotengenezwa ibandikwe kila miezi mitatu kwenye ofisi za kata zinazozunguka mgodi.

Mshonaji,
Mwanza