Barua kwa Vijana Waliosimama Mbali na Kaburi

Wajukuu zangu,

Jumamosi mlikuja kumzika mwenzenu. Mlikuwa sita, mkasimama nyuma kabisa, kofia mmezishusha hadi kwenye nyusi. Nilifarijika kuwaona, maana nilidhani hamtathubutu. Kisha macho yangu yakashuka miguuni. Mmoja wenu alikuwa amevaa viatu vya marehemu, vile vyeupe vya kamba nyekundu, alivyokuwa akivisugua kwa mswaki kila jioni akiwa amekaa kizingitini. Kamba ya kushoto ina fundo pale ilipokatika, kwa hiyo sikuvifananisha. Tangu siku ile usingizi umenipaa.

Mlimwambia kwamba ndani ya genge lenu yeye ni ndugu yenu. Undugu gani huo? Alipochomwa kisu mlitawanyika, akaokotwa na mpita njia. Mama yake alinionyesha simu ya marehemu: amewapigia mara nne, hakuna aliyepokea. Mtoto wa miaka 17! Halafu kabla udongo haujakauka, mmeshagawana vitu vyake. Ndugu hagawi nguo za ndugu yake mama akiwa bado analia. Nimekasirika, sitaficha.

Najua genge halianzi na kisu. Mwaka 1927 mtafiti Frederic Thrasher alichapisha utafiti wake juu ya magenge 1,313 ya Chicago. Aliona kwamba huanza kama vikundi vya watoto wanaocheza pamoja, na kinachovikaza vikawa magenge ni ugomvi na wengine. Hebu litafakarini hilo. Kumbe adui ndiye anayewashikamanisha. Akikosekana atatafutwa, na atakayetumwa kumtafuta ni yule mgeni, mdogo kuliko wote, mwenye hamu ya kuonekana mwanamume. Aliyemtuma atakuwa amelala kwake.

Mnasema mnalinda mtaa. Hata Stanley Williams, mmoja wa walioanzisha genge la Crips kule Los Angeles, Marekani, alieleza baadaye kwamba alidhani angeusafisha mtaa, auondolee magenge mengine. Mwenzake, Raymond Washington, alipigwa risasi akafa mwaka 1979, ana miaka 25. Williams alihukumiwa kifo mwaka 1981. Akiwa gerezani aliandika vitabu vya kuwaonya watoto wasifuate njia yake, lakini Desemba 2005 hukumu ikatekelezwa. Genge walilolianzisha likabaki likiendelea kuua.

Mengine nayasema kwa ufupi. Msimhifadhie mtu mzigo msioujua. Msichore alama ya kundi mwilini. Kisu mnachobeba "kwa kujilinda" kitupeni. Na mtoto wa shule ya msingi msimsimamishe kona awaangalizie polisi, hilo sitawasamehe.

Sasa nigeukie wazee wenzangu, maana nao wataisoma. Pale makaburini mmoja wetu alituhubiria muda mrefu juu ya makundi mabaya, na jina la marehemu akalisoma kwenye karatasi. Kijana amekulia mbele ya macho yake! Genge lililijua jina lake, na likampa la utani juu yake.

Nami simo nje. Nilikuwa mwalimu wake. Alichelewa wiki mbili mfululizo, nikamtoa darasani mbele ya wenzake. Baadaye sana nikaja kujua kwamba baba alikuwa ameondoka nyumbani, na kila asubuhi yeye ndiye aliyekuwa akimwandaa mdogo wake na kumfikisha shuleni kwake kabla ya kuja kwetu. Siku ile alirudi mtaani akawakuta ninyi. Nasikia swali la kwanza mlilomwuliza ni kama amekula. Mimi sikumwuliza chochote. Inaniuma kukiri kwamba mlinitangulia kwa wema.

Ndiyo maana sitaki mtu aniambie vijana hawa ni wa kufungiwa tu. Katika Los Angeles hiyohiyo, mwaka 1988 padri Greg Boyle alianza na waumini wake kuwatafutia kazi vijana wa magenge. Mwaka 1992 wakafungua hata kiwanda cha mikate, na waliokuwa wakiwindana wakafanya kazi bega kwa bega. Hawakuanza na mahubiri, walianza na kazi. Sisi tumejenga ukuta, tumeweka na taa, na kijana akiomba hata kazi ya kufagia anaulizwa uzoefu.

Wajukuu zangu, anayetaka kutoka humo aje kwangu, mchana au usiku. Sitamwuliza amefanya nini hadi atakapotaka kusema mwenyewe. Ufundi nitamtafutia, walimu wenzangu wa zamani wapo na wengine wana karakana.

Na wewe uliyevaa vile viatu, sijakutaja kwa mtu. Mama yake amevitafuta nyumba nzima, anadhani vilipotea hospitalini. Vipeleke. Kama unaona vigumu kugonga mlango ule peke yako, nipitie jioni, nitakusindikiza.

Mimi, babu yenu na mwalimu wenu wa zamani.