Dada daktari wa kroksi za kijani, asante

Jamani jina lako sikulipata ila asante sana. Nilikua nachungulia kwenye pazia, yule daktari kijana kashamchoma mama shingoni mara mbili katheta ya dayalisisi (mrija wa kusafishia damu) haiingii, mkono unamtetemeka, ukaja ukamwambia taratibu "mdogo wangu hapo basi", ukavuta ultrasaundi, choma moja tu damu nyeusinyeusi ikarudi bila kuruka, ukasema huu ndo mshipa wenyewe sio ateri (ule unaotoa damu kwenye moyo). Baadae nikasoma kumbe daktari aliyeshaweka katheta 50 na zaidi madhara yanapungua kama nusu, na wakichoma mara 3 au zaidi yanapanda mara 6 kuliko choma moja, aisee nikaishiwa nguvu. Na hukumwaibisha mtoto wa watu, ulimwonyesha kwenye skrini. Mama leo kamaliza uji.