Kwa vijana wanaounda lugha za programu: mwonyesheni mtu alipokosea

Wanangu,

Juzi mmoja wenu aliniletea lugha ya programu aliyoiunda mwenyewe, akaniomba niijaribu. Nikaandika mistari 12, nikasahau kufunga mabano. Kompyuta ikajibu neno moja: "Kosa." Mstari upi? Kimya. Kijana akanieleza kwamba ujumbe wa makosa atauandika mwishoni, kwanza anaongeza kasi. Hasira ile haijanitoka, ndiyo maana nawaandikia.

Atauandika kwa kutumia nini? Programu yake imekatakata maandishi kuwa tokeni, yaani vipande vidogo kama neno, namba au alama, na kila tokeni imebaki na aina na thamani tu. Ilikotoka hakujulikani tena. Namba ya mstari na ya safu zibandikwe tokeni inapozaliwa, zifuatane nayo hadi kwenye mti wa sintaksia, yaani mpangilio wa jinsi vipande vinavyoshikana, hadi kwenye maelekezo ya mwisho. Ni namba mbili tu! Ukizisahau mwanzoni, utakuja kufumua kila ulichoshona. Na mabano yana hila yake: kichanganuzi, ile sehemu inayokagua sarufi, hushtuka mwisho wa faili, ilhali mwenye kosa anahitaji kuonyeshwa pale alipoyafungua. Patunzeni mahali hapo.

Mtaniambia lugha yenu ni ndogo na watumiaji wenyewe wachache. Stuart Feldman alipounda Make, zana ya kujengea programu, katika maabara ya Bell Labs huko Marekani mwaka 1976, aliamua mistari ya amri ianze na tabo, ile nafasi ya kitufe cha Tab. Baada ya wiki chache alikuwa na watumiaji kama 12, wengi wao rafiki zake, akaona asiwavurugie kwa kuibadili. Hadi leo watu wanasumbuka na tabo isiyoonekana kwa macho. Naye mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare aliingiza rejeo tupu, yaani rejeo lisiloelekeza kwenye kitu chochote, katika lugha ya ALGOL W mwaka 1965 kwa kuwa ilikuwa rahisi kufanya hivyo. Mwaka 2009 akaliita kosa lake la dola bilioni moja.

Mengine nayataja tu. Andikeni sarufi kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta. Kuzidisha kutangulie kujumlisha, kama kila mtu alivyozoea. Msiongeze kitu kwa sababu lugha nyingine inacho: Lua, iliyozaliwa Rio de Janeiro mwaka 1993, ina muundo mmoja tu wa kupangia data, jedwali, na imefika mbali.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sisi watu wa fani hii tumewazoesha wanaoanza kuamini kuwa mashine ikigoma, wajinga ni wao. Nimewaona wenye akili nzuri wakiinuka kimya kimya na kutorudi tena, kwa neno moja lisilo na maelezo. Hawakuwa wajinga. Tuliwanyima jibu.

Nawe uliyeniletea lugha ile, najua nilikukaripia. Kazi yako ina uzuri, hasa ulivyoshughulikia funksheni. Rudi nayo tukae pamoja, tuanze na yale mabano yangu.