Kitambaa cha Bayeux na sanamu za Ugiriki

Mhariri,

Julai 2025, Rais Macron alipozuru Uingereza, ilitangazwa kwamba Ufaransa itawaazimisha majirani zake kitambaa cha Bayeux. Kina urefu wa karibu meta 70, kimetariziwa kwa uzi wa sufu, na kinasimulia Wanormandi, watu wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, walivyoiteka Uingereza mwaka 1066. Yaani mshindi anampelekea aliyeshindwa picha za kipigo chake, na mwenyewe anashukuru! Baada ya uchungu wa Brexit, ni mbinu ya werevu. Uingereza nayo itapeleka Normandy hazina za Sutton Hoo (kaburi la kale la Kiingereza) na kete za sataranji za Lewis (za Zama za Kati, zilizopatikana kisiwani Uskoti). (Wataalamu waliosema kitambaa ni dhaifu mno kusafirishwa wana hoja, ila wanasiasa walishaamua.)

Ukarimu huo haumfikii kila mtu. Novemba 2023 Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alifuta miadi na Waziri Mkuu wa Ugiriki, Kyriakos Mitsotakis, kwa sababu ya sanamu za Parthenon, hekalu la kale la Athens, ambazo Ugiriki inadai zirudishwe. Zimo British Museum, jumba la makumbusho la London, lile lile litakalopokea kitambaa. Kisingizio cha kutozirudisha ni sheria ya 1963 inayolibana jumba lisitoe mali zake. Bunge lililoitunga bado lipo, na linaweza kuibadilisha.

Msomaji wako,
Mombasa