Bi Salme hakunyimwa urithi wa baba yake

Mhariri,

Kila Bi Salme binti Said anapotajwa, hakosi mtu wa kuandika kwamba alinyimwa urithi wa baba yake kwa sababu mama yake, Jilfidan, alikuwa suria, yaani mjakazi aliyezaa na bwana wake. Si kweli, na sheria ya mirathi yenyewe inalikataa jambo hilo.

Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, alifariki Oktoba 1856 baharini, akitoka Maskati kuja Unguja. Aliacha watoto 36, wote wa masuria. Mkewe, Bi Azza binti Seif, hakumzalia. Mtoto wa suria ambaye baba amemkubali ni muungwana, na fungu lake ni sawa na la mtoto wa mke wa ndoa. Asiyerithi ni suria mwenyewe.

Hesabu yake ni hii. Hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi. Katika kinachobaki, mke aliye hai huchukua 1/8. Salio ni la watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Tuseme hao 36 ni nusu kwa nusu: mafungu yanakuwa 54, na kila binti anapata 1/54 ya salio. Wengi huchafua hesabu hapa kwa kugawa kwa 36. Salme alipata fungu lake akiwa na miaka 12 tu: shamba lenye nyumba, na fedha zinazotajwa kuwa paundi 5,429.

Kiti cha enzi hakigawanywi kwa mafungu, na ndicho kilichowagombanisha wana wa Sayyid Said. Thuwaini alishika Maskati, Majid akashika Unguja. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash alimwasi Majid, na Salme, kwa kuwa alijua kuandika (jambo adimu kwa mabinti wa jumba lile), akawa mwandishi wa barua za waasi.

Alichokosa ni urithi wa ndugu zake. Mwaka 1867 alibatizwa Aden na kuolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete, na asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Majid alipofariki 1870, na jamaa wengine baadaye, yeye hakuhesabiwa. Madai ya urithi huo ndiyo aliyorudi nayo Unguja 1885 pamoja na manowari za Ujerumani, na Barghash, aliyekuwa sultani wakati huo, akakataa hata kumpokea. Kisheria Barghash alikuwa na hoja. Udugu ni habari nyingine.

Basi anayeandika kuwa Bi Salme alikosa urithi, ataje na wa nani.

Msomaji wenu,
Unguja