Kikao cha Jumamosi: Maisha ya Dmitri Shostakovich

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi saa mbili usiku tutaendelea kuwasoma wasanii wa karne ya 20 kupitia maisha yao, na zamu hii ni ya mtunzi wa muziki wa Urusi, Dmitri Shostakovich, aliyezaliwa Saint Petersburg mwaka 1906. Naomba tukae zaidi na mwaka 1936. Mwezi Januari Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti, alikwenda kutazama opera yake, iliyokuwa ikipendwa tangu mwaka 1934, na siku chache baadaye gazeti la Chama cha Kikomunisti, Pravda, likaishutumu vikali. Kufikia Desemba mtunzi aliiondoa Simfoni yake ya Nne (simfoni ni utungo mrefu wa okestra) ikiwa bado katika mazoezi, nayo haikusikika hadharani hadi mwaka 1961. Simfoni ya Tano, iliyopigwa Leningrad (jina la Saint Petersburg wakati huo) mwezi Novemba 1937, ilimrudishia heshima, lakini wachambuzi hadi leo wanabishana kama shangwe ya mwisho wake ni ya kweli au ya kulazimishwa. Mimi naisikia kuwa ya kulazimishwa, na ningependa sana kupata hoja za wenye maoni tofauti.

Tafadhali isikilizeni sehemu ya nne, yaani ya mwisho, ya Simfoni ya Tano kabla ya kikao. Mwenye bando dogo anijulishe mapema, nimtumie faili jepesi la sauti.