Kiziwi kapewa imla, halafu mnatwambia mjumuisho

Mhariri,

Gazeti lenu nnalinunua miaka na sijapata kuwaandikia hata mara moja, hata ile habari ya shida ya maji huku kwetu Wete mlipoibana chini ya matangazo ya tanzia nilinyamaza. Lakini makala ya wiki iliyopita ya yule profesa wa Marekani wa elimu maalum imenishinda. Mnaijua, ile yenye picha yake kavaa joho, na kichwa cha habari eti kawapa mabubu sauti.

Kwanza hao ni viziwi, na sauti hakuna aliyewaomba. Pili, mmejaza nusu ukurasa kwa digrii zake na vyuo alivyosomesha, halafu lile jambo lenyewe la maana mkalitupa mstari wa mwisho, kwamba lugha ya alama hakuipata chuoni, kafundishwa na watoto wa darasa lake la mwanzo, kawakuta wanazungumza kwa mikono yeye akigeukia ubao. Ingekuwa mimi ningeanzia hapo na hizo digrii ningezisahau. Mzee wa watu sina ugomvi nae, ugomvi wangu na nyinyi.

Mtoto wa dadangu aliugua homa ya uti wa mgongo ana miaka 3, akapona, masikio hayakupona. Skuli wakatwambia mleteni tu, siku hizi elimu ni mjumuisho, wenye ulemavu na wasio nao darasa moja, tukampeleka. Siku moja, yuko darasa la 4, karudi viganja vimemvimba hashiki hata kijiko. Nikafungua daftari lake nikakuta imla. Imla mhariri! Kiziwi kapewa imla, maneno 20, kapata sufuri, na chini kwa kalamu nyekundu kaandikiwa "Hasikilizi". Nikatizama alichokiandika, mstari wa kwanza mama, wa pili mama, wa tatu mama, nikasema labda mtoto kachanganyikiwa. Asubuhi yake nikamfata mwalimu, akanionesha karatasi yake, maneno matatu ya mwanzo ni baba, papa, mama. Hebu simama mbele ya kioo uyaseme hayo bila kutoa sauti uone, midomo inafumba vilevile na inafumbua vilevile, hata wewe na masikio yako yote ungekosa. Kumbe mtoto alikuwa anamsoma midomo, na mwalimu alipoanza kuzunguka baina ya madawati kampa mgongo hata hiyo midomo ikaondoka, akageuza shingo kumtizama jirani yake kaandika nini, bakora. Na wallahi yule mwalimu si mtu mbaya, kijana mpole, ana watoto zaidi ya 80 mule ndani na hajui hata alama ya "njoo". Semina alipelekwa, siku 2, akarudi na begi na cheti.

Na haya ya midomo hatukuyaanza sisi. Mwaka 1880 walikutana Milan kongamano la walimu wa viziwi, karibu wote watu wanaosikia, wakapiga kura alama zitolewe madarasani mtoto asome midomo tu na aseme. Mpaka 2010 ndo kongamano hilohilo lilipokaa Vancouver likayakataa yale maazimio na kusikitika. Miaka 130! Mtu kasomesha viziwi umri wake wote mnakaa nae mnamuuliza kazaliwa wapi, hilo hamumuulizi. Wala hamkuuliza mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania imeuridhia tangu 2009, unasema nini ibara ya 24, maana pale lugha ya alama imetajwa kwa jina lake, na walimu wanaoijua pia wametajwa. Mmeandika "mjumuisho" mara nane, nimezihesabu, kiziwi hata mmoja hamkumuuliza, na viziwi wa Zanzibar wana chama chao, wangekujibuni hata kwa kuandika.

Nikiwa hapohapo, na bandarini jamani. Boti ikibadilishwa mlango wanatangaza kwa kipaza sauti, ambacho hata sisi tunaosikia hatukielewi kinakoroma tu, kijana wangu kabaki na tiketi yake mkononi anatizama watu wanaondoka, kanitumia meseji "Mjomba wanakwenda wapi?" na mimi niko Wete ntajua vipi. Kwani ubao na chaki bei gani?

Sasa pendekezo langu. Semina ijayo ya mjumuisho pale hotelini, zimeni maiki. Wakubwa wote wakae saa mbili wafundishwe kwa mikono na kijana kiziwi, asiwaandikie kitu, na mara mojamoja awape mgongo. Baadae wapewe imla ya maneno 20. Atakaepata sufuri aandikiwe "Hatizami" kwa kalamu nyekundu, posho atie sahihi juu ya karatasi hiyohiyo. Bakora nawasamehe.

Daftari ninalo mpaka leo, mkitaka picha ya kuweka pahala pa lile joho semeni ntaipiga.

Mjomba,
Wete, Pemba